Darasa la udongo, Newala: kona za tofali zimekaa

Hatimaye tofali letu la udongo na saruji, la kujengea darasa hapa kijijini, linatoka kwenye mashine na kona zake zote ni kali. Moja tulilizamisha kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi likatoka zima. Nikalikwangua kwa msumari, likatoa vumbi kidogo tu. Nimefurahi mno, maana kona hizi zimetutesa tangu tulipoanza kufyatua.

Mambo ya kuchekecha, kubana donge mkononi na kuliangusha ili kujua unyevu, wafyatuaji wenzangu mnayajua, sitayarudia. Shida yetu ilikuwa udongo wenyewe. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde ardhi ni nyekundu kweli kweli, na mgeni akiiona hudhani amepata udongo wa mfinyanzi, ule unaonata. Itie kwenye chupa ya maji, itikise, iache itulie: karibu yote inashuka chini hapo hapo, mchanga mtupu, na juu unabaki utando mwembamba wa mfinyanzi. Kwenye sanduku la sentimita 60 la kupimia kusinyaa ilikauka bila kuacha nafasi ya maana, dalili nyingine kwamba mfinyanzi ni kidogo. Tofali likisukumwa juu kutoka kwenye kalibu linapendeza. Liinue sasa, kona inabaki mkononi.

Kila aliyepita alisema tuongeze saruji. Ni kweli saruji inashika mchanga, na tofali likishakomaa linakuwa gumu. Lakini dakika ile ya kwanza saruji bado haijafanya kazi yoyote. Anayelishikilia tofali bichi ni mfinyanzi, na sisi hatukuwa nao. Tulipandisha saruji mpaka sehemu 1 kwa 10, kona zikaendelea kumeguka, na michango ya wazazi ikazidi kupungua. Tukaongeza maji, tofali likanata kwenye kalibu na kuvimba ubavuni. Kushuka bondeni Ruvuma kuleta mfinyanzi kulihitaji lori, na kutoka huku juu mteremko wenyewe ni ule wa Shimo la Mungu, genge kali la ukingo wa uwanda.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa hapa kijijini, mkongwe wa kukandika nyumba za fito. Alichota udongo wetu, akausugua viganjani, akasema, "Wanangu, huu ni mchanga uliopakwa rangi. Chukueni kichuguu." Mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini na kuzigandisha kwa mate yao, ndiyo maana kichuguu kina mshiko ambao shamba linalokizunguka halina.

Hata hivyo kichuguu nacho kilituzungusha. Tofali za kwanza zilishika kona vizuri, kisha zikilowa zinatoa vishimo usoni. Tulizivunja kadhaa kutafuta sababu, tukakuta vidonge vidogo vya kichuguu ambavyo havikusagika. Kila kidonge kikinywa maji kinavimba na kusukuma nje kipande cha tofali. Kukiponda kwa nyundo hakukutosha. Kina mama wakaleta vinu na michi, kikatwangwa kikiwa kikavu kabisa, kikapitishwa kwenye wavu wa milimita 5. Vishimo vikakoma. Mchanganyiko tunaoutumia sasa ni karai 3 za udongo mwekundu kwa karai 1 ya kichuguu kilichotwangwa, na saruji sehemu 1 kwa 16. Tukishafyatua tunafunika kwa nailoni wiki nzima, maana huku juu maji ni mali na hatuwezi kumwagilia ovyo. Kisha tofali zinakaa kivulini hadi zitimize siku 28.

Kulikuwa na mjadala mzito kuhusu kubomoa vichuguu, na wenye hoja walikuwa sahihi: masika hapo ndipo panapoota uyoga, na kumbikumbi hutoka hapo. Tumekubaliana kuchimba ubavu mmoja tu na kuacha kiini, ili mchwa wajenge tena. Naliheshimu sana sharti hilo.

Kuhusu mashine: yetu ni ya mkono, ya ukoo wa ile CINVA-Ram, mashine ya kushindilia tofali za udongo kwa mkono iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Wapo wanaosifia za mota. Mimi kwa kijiji nasimama na ya mkono. Ikivunjika pini, fundi baiskeli anaichonga. Mashine za tofali za kufungamana, yaani zinazopachikana zenyewe, zile ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, imezihimiza sana, zinaokoa udongo wa kuunganishia tofali, ila zinataka tofali zenye kimo kimoja, na hilo kwetu bado ni gumu.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Nimeiweka kando. Vijana wako kwenye kupuliza salfa mikorosho hata hivyo, na akili yangu imehamia kwenye paa. Bati likipigwa na jua darasa linakuwa tanuri, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Shule ya Gando kule Burkina Faso, aliyoijenga msanifu majengo Francis Kéré na wanakijiji wenzake mwaka 2001, ina dari ya tofali za udongo yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa fremu za nondo nyembamba. Hewa ya moto inapanda kwenye matundu na kutoka. Nondo zote hizo hatuzimudu, lakini dari ya mianzi iliyokandikwa, na bati lililoinuliwa futi mbili juu yake, naiona kabisa. Nimeshaanza kipande cha majaribio cha mita moja nyuma ya stoo. Kinachonisumbua ni wadudu wanaotoboa mianzi. Aliyewahi kuiloweka kabla ya kujengea anieleze aliiacha majini muda gani, na kama ilidumu.