Manjano ya Kwapani: Nilivyompiga Picha Kasuku wa Pemba kwa Darubini ya Mwezi

Darubini niliinunua kwa ajili ya mwezi. Nasomesha sayansi katika skuli moja ya sekondari huku Kaskazini Pemba, na kila Ramadhani ikikaribia wanafunzi huniuliza mwezi mwandamo unaonekana vipi, na kwa nini wa huku wauone na wa kule wasiuone. Niliipata Unguja, kwenye vitu vya mtumba: lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, fokasi yake ni milimita 400, na imekuja na lenzi mbili za jichoni, moja ya milimita 20 na nyengine ya 10. Muuzaji aliniapia kuwa inakuza mara mia tatu. Hesabu yake haifichiki, unagawa fokasi ya lenzi ya mbele kwa ya lenzi ya jichoni: 400 ukigawa kwa 20 unapata mara 20, ukigawa kwa 10 unapata mara 40, basi. Nilivuka nayo kwa boti mpaka bandari ya Mkoani nimeipakata mapajani safari nzima.

Kasuku nao walikuwepo siku zote. Ng'ambo ya ukuta wa uwani kwetu kuna msufi mkubwa, umo katika shamba la mjomba wangu, umezungukwa na mikarafuu. Kukipambazuka wanakuja wawili wawili na kelele zao za kukwaruza, wanatua juu kabisa, na kwa macho matupu unachokiona ni vivuli tu juu ya mbingu nyeupe. Siku moja mjomba alikuwa anaanika karafuu, akaniita.

"Mjomba, wewe una hilo dude la kutazamia mwezi. Niambie, kasuku kwapani ana rangi gani?"

Nikamwambia kijani, kama mwili wake.

"Si kijani. Kwapa lake limepakwa bizari. Mimi tangu kijana nikiwa juu ya mkarafuu wananipita hapa, nawaona. Nikiwaambia watu hawanisadiki."

Usiku ule nikasoma. Kasuku wetu si yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesifika kwa kusema, ambaye ni wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Huyu wetu ni mdogo, urefu wake kama sentimita 24, mwili kijani, kichwa rangi ya kahawia, na anapatikana katika pwani ya Kenya, kwetu, Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Jina lake la kitaalamu ni Poicephalus cryptoxanthus. Alilitoa Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854, na neno lile la pili ni la Kigiriki, maana yake manjano iliyofichika. Nilikaa kitandani nikilirudia. Mjomba hajapata kufungua kitabu cha ndege hata siku moja, na jambo lake liko ndani ya jina lenyewe. Nikaamua nitampatia picha ya hayo manjano.

Wageni wanaokuja Msitu wa Ngezi hutafuta ndege wanne ambao hawapo popote duniani ila Pemba: njiwa wa kijani, bundi mdogo, chozi, na kidege kile chenye duara jeupe machoni. Kasuku hamo katika wanne hao, kwa hivyo hakuna anayemuuliza. Mimi naona anastahili kuulizwa.

Kutoka uwani kwangu mpaka msufini ni kama mita 35. Kwa kukuza mara 20, ndege wa mita 35 unamuona kama amekaa umbali usiofika mita mbili. Mara ya kwanza nilipomuweka kasuku katikati ya kioo nilishusha pumzi. Jicho lake ni la manjano, na lina kidoto cheusi katikati. Alikuwa ameshika kitu kwa mguu wa kushoto, vidole viwili mbele viwili nyuma, anakigeuza kama mtu anayemenya chungwa. Nikaweka simu kwenye lenzi, nikabonyeza. Picha ikatoka ukungu mtupu.

Ukungu ule ulinichukua wiki tatu kuumaliza, na sababu zake zilikuwa nyingi.

Kwanza, mkono. Kushikilia simu juu ya lenzi ya jichoni ni sawa na kutia uzi sindanoni ndani ya gari ya abiria inayokwenda Konde. Wenye kazi hii humtaja Mmalaysia mmoja, Laurence Poh, ambaye mwaka 1999 aliegesha kamera yake ya dijitali kwenye darubini ya kutazamia ndege akaona picha imetoka. Lakini kuegesha kwa mkono kuna mwisho wake. Nilichukua kava ya zamani ya simu, nikakata kipande kifupi cha bomba la plastiki la maji ambamo lenzi ya jichoni inaingia, nikakigandisha kwa gundi juu ya tundu la kamera. Bomba lilikuwa pana kidogo, likawa linacheza. Mke wangu akanipa kipande cha buibui lake la zamani nikakibandika kwa ndani kama bitana. Kikabana sawasawa, na weusi wake ukazuia mwanga wa pembeni. Ukitaka kutengeneza kama hiki, usigandishe kwa kukisia. Washa kamera, elekeza darubini kwenye ukuta mweupe, sogeza bomba polepole mpaka duara la mwanga likae katikati ya skrini, ndipo utie gundi. La kwangu la mwanzo lilikaa upande, na kila picha ilitoka na kiza kama mwezi ulioliwa.

Simu yangu ina kamera tatu nyuma. Nikiikuza sana inajihamishia kamera nyengine yenyewe, ambayo imeelekea nje ya bomba, na skrini inakuwa nyeusi ghafla. Siku mbili nilidhani imekufa. Sasa naikuza kidogo tu, kiasi cha kuondoa weusi wa pembeni. Namgusa ndege kwenye skrini na kubakisha kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha napunguza mwanga, maana mbingu nyeupe nyuma yake huidanganya kamera.

Pili, stendi. Miguu mitatu iliyokuja na darubini ni myembamba, na kwa mara 20 hata pigo la moyo wako linaonekana kwenye picha. Niliacha kuirefusha miguu, nikaiweka chini kabisa, nikakaa kwenye kigoda, na katikati yake nikatundika kipolo kilichojaa mchanga. Sigusi simu kupiga picha. Nimechomeka waya wa kusikilizia, nabonyeza kitufe chake cha sauti, na kamera inapiga. Lenzi ya milimita 10 nimeirudisha kwenye boksi. Kwa mara 40 mwanga unapungua, mtikisiko unaongezeka, na unyoya hauoni zaidi ya ulivyouona kwa 20.

Tatu, na hili ndilo lililonichelewesha kuliko yote, bati. Picha za saa kumi na mbili na nusu asubuhi zilikuwa safi kiasi, za saa tatu zilikuwa zimeyeyuka, na darubini ni ile ile, ndege ni yule yule. Nilibadilisha kila kitu. Mpaka asubuhi moja nikaangalia bila ya kamera, nikaona tawi linacheza kama liko chini ya maji. Mstari wangu wa kutazamia ulikuwa unapita juu ya bati la jiko la jirani. Jua likishalipasha, hewa ya moto inapanda na kila kilicho nyuma yake kinatetemeka. Hakuna lenzi ya kuiponya hiyo. Nikahamia pembe ya pili ya uwa, mstari ukapita juu ya muhogo na majani yenye umande. Nikaongeza saa nzima ya picha safi kila siku kwa kusogeza kigoda hatua tisa.

Kulikuwa na tatizo la rangi pia. Darubini za bei hii zinatia ukingo wa zambarau kwenye kila kijiti kilicho mbele ya mbingu. Mfuniko wa lenzi ya mbele una mfuniko mdogo ndani yake, ambao wengi hawaujui kazi yake. Ukibandua ule mdogo na kuuacha mkubwa, lenzi inabaki na tundu la kama milimita 40. Zambarau inapungua sana, ila mwanga nao unashuka hadi karibu theluthi moja. Kwa hivyo hilo nalifanya jua likishatoka. Na darubini haielekezwi juani hata kwa bahati mbaya. Hilo nawaambia wanafunzi wangu kabla sijawaambia chochote chengine.

Nilipohamia pembe ile mpya, dude likawa linaelekea upande wa nyumba za watu. Hapa kwetu uwa ni sitara, wanawake wanakaa humo bila ya mtandio, na mwanamme mwenye bomba la kutazamia mbali hawezi kusema tu "natazama ndege" akaachwa. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alinisimamisha njiani.

"Mwanangu, hilo lako linatazama wapi?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Linatazama juu ya msufi."

"Marahaba. Juu ya msufi kuna nini?"

Nilimuomba aje na wajukuu zake, kesho yake alfajiri. Alikaa kwenye kigoda changu, akafumba jicho moja kwa kiganja, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Subhanallah, ana kope." Nilipoangalia baada yake, kweli, jicho limezungukwa na ngozi tupu yenye mikunjo, na alipofumba nikauona ukope. Mimi nilikuwa nimeshamtazama ndege yule wiki tano. Nilikwenda pia kwa sheha nikamueleza, na kila nyumba ambayo msufi uko nyuma yake nilipiga hodi. Nilikosea kutolifanya hilo siku ya kwanza.

Wengine walikuja kwa nia nyengine. Kijana mmoja aliniuliza wanalala tundu gani, na mkononi ana vijiti vilivyopakwa ulimbo wa fenesi. Sikumfokea, maana hata mimi nimetega njiwa nikiwa mdogo. Nilimkalisha kwenye kigoda. Lakini tangu siku ile picha zangu hazionyeshi shina la mti, nimezima kumbukumbu ya mahali kwenye simu, na ndiyo maana hapa sitaji shehia. Kasuku anataga kwenye tundu la mti. Anayejua tundu anachukua makinda yote kwa mkono mmoja.

Unyevu wa kwetu unaotesha kuvu ndani ya lenzi, kwa hivyo darubini inalala katika ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Yakabaki manjano. Anaporuka, darubini haimfuati. Kabla hujaigeuza ameshapita. Nilijaribu asubuhi nyingi nikapata matawi matupu. Kilichonifungua macho ni kuku wangu. Nilimuona jogoo anaamka, ananyoosha bawa moja na mguu wa upande ule ule kwa pamoja, nikajiuliza kama kasuku hafanyi hivyo. Nikaanza kuwatazama baada ya kula, si wakati wa kula. Kwenye msufi kuna tawi kavu linalopata jua la kwanza, na hapo hutua kujisafisha kabla ya kuondoka. Na kweli, siku nyengine ananyoosha. Ni sekunde mbili, na kila mara nilikuwa nimechelewa kubonyeza.

Nikaacha kupiga picha, nikaanza kurikodi video, fremu 60 kwa sekunde, darubini imefungwa kwenye tawi lile kavu tu, na simu nimeiondoa kwenye mtandao isilie. Asubuhi tisa. Ya kumi ilikuwa Ijumaa, kusi limelala, majani hayatikisiki. Akatua mmoja, akajikuna shavu, akakung'uta manyoya. Akahamisha uzito kwenye mguu wa kulia, akautoa wa kushoto nyuma, na bawa la kushoto likashuka pamoja nao, likafunguka kama upepeo. Chini ya kijani kile kulikuwa na manjano iliyoiva, imejaa kutoka kwapani mpaka nusu ya bawa. Sikubonyeza chochote, mkono wangu ulikuwa gotini. Video ilikuwa inakwenda.

Nilichambua fremu usiku kucha. Nilichagua moja ambayo jicho limekaa sawa na vidole vya mguu vinahesabika. Ncha ya bawa imepotea kidogo kwa mwendo, nikaiacha ilivyo. Jumamosi nikaisafisha Wete kwenye karatasi kubwa, nikampelekea mjomba. Alikuwa barazani na wenzake watatu. Akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akapitisha kidole juu ya yale manjano kama anayejaribu iwapo yatamtia rangi. Kisha akaigeuza kwa wenzake, mmoja mmoja, bila ya kusema neno, na alipomaliza wa tatu akarudi kwa wa kwanza.