Usiku mmoja katika bweni la Peddrew-Yates

Juzi binti yangu alikuwa akijaza fomu za chuo, akaniuliza: "Baba, kwani ni lazima nikae bwenini? Si nitakaa kwa shangazi, niende darasani na kurudi?" Sikumjibu papo hapo, kwa sababu mawazo yalikuwa yamekwisha nirudisha Blacksburg, Virginia, huko Marekani, nilikosomea uhandisi katika chuo cha Virginia Tech.

Mwaka wangu wa pili ulikuwa mgumu, na sitausimulia wote. Usiku mmoja kabla ya mtihani nilikuwa nimekwama kwenye swali la transfoma ya fezi tatu (yaani yenye mikondo mitatu ya umeme inayopishana), karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa. Jirani yangu, kijana Mweusi wa kutoka Roanoke, aliketi kitandani pangu, akachukua penseli na kuchora upya saketi yote kwa fezi moja tu. "Anza na hii," alisema, "kwani mzigo umelingana, na hizo mbili zitafuata." Kufikia saa nane usiku jibu lilikuwa limepatikana. Ndipo aliponiuliza kama niliyajua majina yaliyoandikwa mlangoni mwa bweni letu.

Irving Peddrew, alinieleza, aliingia Virginia Tech mwaka 1953 kusomea uhandisi wa umeme, akiwa mwanafunzi Mweusi wa kwanza chuoni hapo, na alikubaliwa kwa kuwa chuo cha Weusi cha jimbo hakikufundisha fani hiyo. Darasani aliruhusiwa, kulala bwenini na kula bwaloni alikatazwa, ikabidi apange kwa mzee Hoge na mkewe huko mjini. Mwaka wa tatu aliombwa asihudhurie dansi ya pete, sherehe ya wanafunzi wa mwaka huo kupokea pete za darasa lao, na baadaye akaondoka bila shahada. Alitunukiwa shahada ya heshima mwaka 2016, miaka 60 baadaye.

Aliyesoma uhandisi anajua kwamba nusu ya masomo hufanyika usiku, vyumbani, baina ya wenzako. Kwa hiyo naamini kabisa kwamba Peddrew alinyimwa nusu ya elimu aliyoilipia.

Hata hivyo Charlie Yates, mwenye jina la pili pale mlangoni, ambaye pia alipanga kwa Hoge, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1958. Yeye alifika mwaka 1954 pamoja na vijana wengine wawili Weusi. Huenda wenzake hao walimsaidia kufika mwisho. Sina uhakika, maana ustahimilivu wa watu haulingani, wala sioni haki ya kumpima Peddrew kwa kipimo cha aliyemaliza.