Leso Mbili na Mpira Mmoja

Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa miaka minne kiwanjani hapa Umoja. Kocha, mama mmoja mpole sana, hakugawa timu wala kuhesabu mabao. Alitandaza leso mbili, watoto wakashika pindo, akaweka mpira katikati. Kazi yao ilikuwa kuurusha juu na kuudaka pamoja. Ulianguka mara nyingi mno! Kila ukianguka waliukimbilia wote, wakacheka, wakaanza upya.

Mwaka jana nilimwandikisha kwingine. Huko wazazi tulisimama pembeni tukipiga kelele “funga, funga!” Mtoto hakujua bao ni nini, ila hasira za watu wazima alizielewa. Alilia hadi nyumbani. Bado inaniuma, kwa sababu nami nilikuwa kati ya waliopiga kelele.

Nchini Norwei, michezo ya watoto haina msimamo wa ligi mpaka watimize umri wa miaka 11. Sisi tunataka vikombe wakiwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wakati kusubiri zamu tu bado ni somo zito kwao!

Jana usiku alilala ameikumbatia leso yangu. Ameshaniuliza mara tatu Jumamosi ni lini.