Barabara ya Raate kwa kipimo cha 1:72: theluji imeanza kushika

Theluji imeanza kushika kwenye ubao wangu, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuandika mradi umefika wapi. Ni diorama, yaani mandhari ndogo ya kuchongwa na kuundwa kwa mkono, ya Vita vya Majira ya Baridi kati ya Ufini na Umoja wa Kisovieti, kwa kipimo cha 1:72. Nimechukua kipande kidogo cha barabara ya Raate, mashariki mwa Ufini, siku za mwanzo za Januari 1940. Ubao una sentimita 30 kwa 20, yaani mita 21.6 kwa 14.4 za ardhi halisi. Nafasi hiyo ni ndogo mno kuonyesha mapigano. Inatosha kuonyesha kwa nini mapigano yale yaliisha vile yalivyoisha.

Kwa ambao hawaijui habari hii: Wasovieti walivuka mpaka tarehe 30 Novemba 1939. Divisheni yao ya 163 ilifika Suomussalmi ikakwama, ndipo Divisheni ya 44 ikatumwa kwenda kuisaidia kwa barabara ya Raate, njia nyembamba inayopasua msitu. Vifaru, malori, mizinga, farasi na majiko ya jeshi vyote vikasimama kwenye mstari mmoja wa kilomita nyingi, kushoto msitu, kulia msitu. Wafini wa Kanali Hjalmar Siilasvuo walipita msituni kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kutelezea juu ya theluji, wakaangusha miti kuziba njia, wakaikata safu ile vipandevipande. Tarehe 7 Januari mambo yalikuwa yamekwisha. Kamanda wa Divisheni ya 44, Alexei Vinogradov, alinusurika kule barabarani, akaja kupigwa risasi na jeshi lake mwenyewe siku chache baadaye.

Theluji ni ileile, imewafunga hawa na kuwabeba wale. Hilo ndilo ninalotaka mtazamaji alione kabla hajasoma kibao chochote. Diorama nyingi za majira ya baridi huweka kifaru katikati, kikanyunyiziwa weupe juu, basi. Yangu ina kifaru, lakini kimesogezwa pembeni. Kinachopita katikati ni mikwaruzo miwili ya skii inayotoka msituni, inakatiza barabara nyuma ya kifaru, kisha inaingia msitu wa upande wa pili.

Kifaru chenyewe

Ni T-26 ya mwaka 1933, yenye mzinga wa milimita 45 na watu watatu ndani. Asili yake ni kifaru cha Vickers cha Uingereza cha tani sita, ambacho Wasovieti walinunua leseni yake. Kwa kipimo changu kina urefu wa sentimita 6.4 hivi, na minyororo yake ina upana wa milimita 3.6 tu. Upana huo unaeleza mengi ukiweka kifaru kando ya theluji ya nusu mita.

Nimekiacha kijani. Picha za vifaru vilivyokamatwa pale zinaonyesha miili yenye rangi ya giza, haijapakwa chokaa, na mimi naona ukijani huo una kazi: unaonyesha jeshi lililokuja bila kujiandaa kwa msitu ule. Sehemu za plastiki zilizokuwa nene nimezikata, hasa ule mkono wa antena unaozunguka turubeti (kile kichwa cha kifaru chenye mzinga), nikaweka nyuzi za shaba zilizotolewa ndani ya waya wa umeme. Nyuma, penye ekzosi, nimepaka masizi kwenye bodi na kwenye theluji iliyo chini yake. Injini ziliachwa zikiunguruma muda mrefu ili zisigande, na mafuta yakawa yanaungua bila kifaru kusogea hata hatua.

Miti

Hapa nimefurahi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu malighafi bora ya miti ya misonobari ya kaskazini tunayo wenyewe: katani. Unafumua kamba ya katani, unakata nyuzi fupi, unazipanga kati ya waya mbili, unafunga ncha za waya kwenye drili na kuzungusha polepole. Nyuzi zinasimama pande zote. Baada ya hapo ni kazi ya mkasi, ukipunguza kutoka chini kwenda juu hadi upate pembe nyembamba.

Nasisitiza nyembamba. Misonobari ya Kainuu, mkoa ulimo Suomussalmi, haina umbo pana kama ile ya kwenye kadi za Krismasi. Imesimama kama mishale, matawi yameinamishwa na uzito. Mti wa mita 18 kwa kipimo hiki ungefika sentimita 25, karibu sawa na urefu wa ubao wote, kwa hiyo mikubwa nimeiweka nyuma tu, na mbele nimetumia michanga. Miwili nimeilaza kukatiza barabara mbele ya kifaru. Vigogo vyake ni vijiti halisi, vimekatwa kwa namna ya alama za shoka, na mbao ya ndani nimeiacha na rangi ya krimu kuonyesha kwamba imekatwa karibuni.

Theluji

Nimeona wengi wakipendekeza bikaboneti ya soda na gundi nyeupe. Ni rahisi na inapendeza siku ya kwanza. Lakini kadiri muda unavyokwenda hugeuka manjano, na kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam sitaki hata kuijaribu kwenye kazi ninayotaka ikae miaka. Nimetumia vumbi la marumaru kutoka kwa mafundi wanaokata mawe ya sakafu na vibaraza. Nimelipitisha kwenye chujio la chai, nikalichanganya na gundi nyeupe ya useremala, vanishi ya maji isiyong'aa na tone la rangi nyeupe ya akriliki. Vaeni barakoa mnapolichekecha; vumbi la mawe si la kuvuta kifuani.

Chini yake kuna povu jeupe gumu linalofungashiwa friji, limechongwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa, kisha tabaka jembamba la jasi. Barabara iko chini kidogo kuliko msitu, kwa sababu theluji yake imekandamizwa na magurudumu, kwato na buti. Huko nimechanganya theluji na unga wa kahawia na kijivu, nikaikandamiza kwa kidole ikiwa bado mbichi, nikapitisha magurudumu ya lori la plastiki kupata mifereji. Msituni mchanganyiko ni mzito zaidi, na vumbi kavu la mwisho nimelinyunyiza kutoka juu, likaangukia migongo ya matawi na kukosa matumbo yake, kama inavyotokea kwenye mti wa kweli.

Njia ya skii imehitaji subira. Skii moja ina upana wa milimita moja kwa kipimo hiki, labda na kidogo. Nimekata ukanda wa plastiki, nikaubonyeza theluji ilipoanza kukaza: ikiwa laini mno kingo hubomoka, ikikauka hupasuka. Pembeni ya mistari hiyo kuna vitundu vidogo vya fimbo, kushoto na kulia kwa zamu.

Kisha kuna rangi ya mwanga. Suomussalmi ipo karibu nyuzi 65 kaskazini. Mapema Januari jua la saa sita mchana huinuka nyuzi mbili na ushee tu juu ya upeo wa macho. Nilipiga hesabu: mtu wangu wa milimita 24 angetupa kivuli cha karibu nusu mita, kupita ubao wote. Maana yake ndani ya msitu ule hakuna kivuli cha mtu mmoja mmoja; kila kitu kimo kivulini. Kwa hiyo theluji yangu si nyeupe. Ni kijivu chenye buluu, na weupe halisi nimeuweka kwenye ncha za miti mirefu peke yake. Ukiitazama karibu utaona ni ya buluu kupita kiasi. Rudi nyuma hatua mbili, inakuwa baridi.

Watu

Askari wa Kifini wamevaa nguo nyeupe juu ya sare za kijivu. Nguo hizo nimezipa weupe wenye umanjano kidogo, maana kitambaa hakifanani na theluji, na tofauti hiyo ndogo inatosha jicho kuwatambua. Mmoja amebeba bunduki ya Suomi KP/-31, iliyobuniwa na Aimo Lahti, yenye urefu wa milimita 12 hapa. Wasovieti wana makoti marefu ya kahawia. Hao huwaoni kwa kutafuta, wanajitokeza wenyewe.

Sijaweka maiti hata mmoja, na sitaweka. Kwenye jumba la makumbusho la Raatteen Portti kuna mnara wenye kengele 105, moja kwa kila siku ya vita vile. Mtu aliyekufa kwa baridi mbali na kwao Ukraine, walikotoka wengi wa Divisheni ya 44, asigeuke kipambo cha milimita 24 mezani kwangu. Badala yake nimeweka jiko la jeshi lenye magurudumu, hatua chache kutoka kwa askari waliojikunyata. Wafini walilenga sana majiko, na mahali penye moto pakawa pa kuogopwa. Juu ya mfuniko wa jiko langu kuna theluji safi, na kulizunguka hakuna unyayo.

Kilichobaki ni ahkio, kile kijisanduku chenye umbo la mtumbwi ambacho Wafini walivuta kwa skii kubebea mzigo na majeruhi. Nimeshachonga bodi yake kwa plastiki nyembamba, na kamba za kuvutia zitakuwa uzi wa kushonea uliopakwa gundi ili ubaki umekaza. Ikikaa mahali pake nitapitisha vanishi isiyong'aa mara ya mwisho, kisha nitafunga kingo kwa mbao ya mninga.