Bamvua ya Mwaka 3846

Mwanangu wa kike kaniuliza juzi, mbona kalenda ya maji kujaa na kupwa kwenye tovuti yetu inagota mwakani? Alikuwa amekaa na simu yangu anabonyeza "mwezi ujao", "mwezi ujao", mpaka Disemba ya mwakani, na hapo kitufe kikatoweka. Kwake yeye hiyo ni kasoro. Nikamwambia, "Babu yako ndiye aliyesema iishie hapo." Akanitazama. "Babu alikuwa hajui kompyuta."

Kweli, Ami, huyo babu yake, hakuwa akijua kompyuta. Ndiyo maana nataka kuyaandika haya kabla sijayasahau.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa nakaa Chake Chake, hapa Pemba, na kurudi kijijini Tumbe kila nikipata nafasi. Tovuti ilikuwa ya kikundi cha mwani cha Bi Mkubwa, yenye picha chache, bei, namba ya simu, na ile kalenda. Watu walifuata kalenda. Wazee hawaihitaji, wao wakiutazama mwezi tu wanajua. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hupwa mnamo saa nne za asubuhi, yakatoka mbali kabisa, na tofauti ya kujaa na kupwa ikafika karibu mita 4. Hapo wanawake huingia shambani kufunga mwani. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Lakini vijana wanaopeleka wageni kisiwa cha Misali, na watu wetu waliohamia mjini, walitaka waambiwe kwa tarehe. Basi Ami akanisomea, nami nikaiingiza hesabu yake kwenye programu ya kalenda ya bure. Chini ya kila ukurasa niliandika: kwa hesabu ya wazee wa Tumbe.

Siku moja, bamvua iko mlangoni, tovuti ikafungwa. Kampuni iliyotukodisha nafasi kwenye seva yake ilitupa kifurushi cha data cha mwezi, na kifurushi kilikwisha mwezi haujafika nusu. Mahali pa kalenda palikuwa na tangazo la kizungu. Simu zikaanza. Kijana wa Wesha ana wageni kesho, anataka kujua saa ya kuondoka. Binti mmoja wa kikundi kaniuliza kama tumefilisika. Mimi nilidhani tumedukuliwa. Nikapakua faili la kumbukumbu za seva, lile linaloandika kila anayekuja, nikapanda gari ya Konde nikaenda nalo nyumbani.

Usiku ule baada ya Isha nilikaa barazani na kompyuta mapajani. Ami akaja na kikombe chake cha kahawa.

"Unasoma nini, mwanangu?"

"Nasoma waliotutembelea, Ami. Kila mstari mmoja ni ombi moja. Unakwambia limetoka wapi, saa ngapi, ameomba ukurasa gani, na seva imemjibu nini. Mwisho kuna jina analojiita."

"Nisomee."

Nikaanza. Mwaka 2013, mwezi wa tisa. Mwaka 2013, mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja. Anayeomba ni mmoja, na kati ya ombi na ombi hazipiti hata sekunde mbili. Ami akanisimamisha.

"Mtu huyu halali?"

"Si mtu, Ami. Ni roboti ya mtambo wa utafutaji. Inapita kwenye kurasa, inasoma, inakwenda kuweka ilichokisoma, ili mtu akiandika bamvua kwenye simu yake aletewe ukurasa wetu."

"Na inajuaje pa kwenda?"

"Inafuata viungo. Ikisoma ukurasa ikakuta kiungo, inakiandika kwenye orodha yake, halafu inakifuata."

"Na kwenye kalenda yako kiungo ni mwezi ujao."

"Ndiyo."

"Na mwezi ujao nao una mwezi ujao."

Nilikuwa nimesoma makala za kigeni kuhusu mtego huu, lakini hakuna iliyonieleza kwa ufupi namna ile. Ami akasema, "Endelea." Nikashuka chini ya faili. Mwaka 2190. Nikashuka tena. Mwaka 2744. Bi Mkubwa alikuwa ndani anakunja nguo, akatokeza kichwa mlangoni. Mwaka 3110. Nikaenda mpaka mwisho kabisa, pale seva ilipofungwa, nikausoma mstari wa mwisho polepole: mwaka 3846, mwezi wa nne.

Ami alikiweka kikombe chini. Nilimtazamia acheke, maana mimi mwenyewe nilikuwa nataka kucheka. Hakucheka. Alinyamaza muda, huku kidole gumba kikipita juu ya pingili za vidole vyake, kama anavyofanya akihesabu mwezi, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijawahi kulikuta kwenye mwongozo wowote wa kuendesha tovuti.

"Ilijibiwa?"

Nikaangalia namba ya jibu. 200, maana yake ombi limekubaliwa na ukurasa umetolewa. "Imejibiwa, Ami. Imepewa siku za bamvua za mwezi huo."

"Ni za kweli?"

"Ni hesabu. Hesabu ile ile uliyonipa."

"Mimi nilikupa ya mwezi ninaouona," akasema. "Mwezi si siku 29 na nusu kamili, una kichembe kinazidi, na kichembe hicho mzee hukisahihisha kwa macho kila unapoandama. Huo mwaka uliousoma, nani atausahihisha? Na chini umeandika sisi wazee ndio tuliosema."

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nahesabu megabaiti zilizoliwa, yeye alikuwa anahesabu maneno yaliyotoka kinywani mwake bila yeye kuyasema, yakabebwa yakaenda kuwekwa mahali asipopajua.

"Weka mpaka mwakani," akasema. "Mwakani naweza kuisemea, Mungu akinijaalia."

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Nikaikata kalenda mwakani, na miaka ya mbele ikawa inajibiwa 404, ukurasa haupo. Sikukimbilia kuifunga njia hiyo kwenye robots.txt, na hili nalisema kwa wanaoendesha tovuti ndogo kama yetu, kwa sababu wengi hulipindua. Faili la robots.txt huiambia roboti isiingie mahali fulani. Ikitii, haiingii, na isipoingia haioni kwamba ukurasa umeondoka, wala haisomi ile alama ya noindex uliyoiweka ndani ukitaka ukurasa usionekane kwenye matokeo. Anwani iliyokwisha kuandikwa yaweza kubaki huko siku nyingi. Basi nikaziacha zije, zione 404, ziondoke na habari hiyo. Jibu la 404 ni dogo, halikuharibu kifurushi. Njia za utafutaji wa ndani ya tovuti, zisizo na faida kwa yeyote, hizo ndizo nilizozifunga ndani ya robots.txt kwa mstari wa Disallow, yaani usiingie.

Na robots.txt ni ombi. Utaratibu wenyewe ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaheshimiwa miaka yote hiyo kwa hiari, mpaka 2022 ndipo ukaandikwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti, RFC 9309. Kanuni hiyo nayo inasema wazi kwamba huu si ulinzi. Katika lile faili la kumbukumbu za seva nilikuta wageni waliojiita Googlebot, roboti ya Google, ambao hawakuwa Googlebot. Kuwajua si kazi kubwa. Unauliza anwani ya IP iliyokuja, ile namba ya kompyuta ya mgeni, ni ya jina gani. Kama ni Googlebot ya kweli jina litaishia na googlebot.com au google.com. Kisha unaligeuza, unaliuliza jina hilo linarudi kwenye namba ile ile? Wale hawakurudi. Niliwazuia kwenye seva yenyewe, maana anayedanganya jina hatasoma robots.txt.

Tovuti ikafunguliwa mwezi uliofuata na haijafungwa tena kwa sababu hiyo.

Ami ametutoka, Mungu amrehemu. Kila mwaka sasa hesabu ya mwakani naifanya mimi na Bi Mkubwa, tunautazama mwezi ukiandama kama alivyotufundisha, halafu ndiyo tunaongeza miezi kumi na miwili. Swali lake lakini limenirudia kwa njia nyingine. Kwenye kumbukumbu za seva kuna majina mapya, GPTBot, ambayo OpenAI, kampuni ya ChatGPT, waliitangaza Agosti 2023 pamoja na namna ya kuikataa, na CCBot ya Common Crawl, shirika linaloweka nakala za kurasa za mtandao. Hizi hazisomi ili kumleta mtu kwetu. Zinachokisoma hutumiwa kuifundisha mashine ijibu yenyewe. Mpwa wangu aliiuliza mashine moja ya aina hiyo lini ni bamvua Pemba, ikamjibu kwa Kiswahili kizuri, siku zikiwa sawa, bila kusema hesabu ni ya nani.

Nikaandika mistari ya kuzizuia zote mbili. Baadaye nikaifuta. Mabinti wa kikundi siku hizi ndiko wanakouliza. Nikizuia, wataambiwa maji kwa hesabu ya mtu asiyewahi kuuona mwezi wa Tumbe. Kisha nikairudisha, kwa sababu Ami alitaka ajue anasemewa nini na wapi, na huko hakuna pa kwenda kuuliza. Kaka yangu anasema tufunge. Bi Mkubwa anasema elimu ya maji yeye alipewa bure na mama yake, na hajui kama ana haki ya kumfungia mtu. Ila kikundi ni cha wote, kasema, kwa hivyo tungoje maji mafu, wanawake wawe nyumbani, walizungumze wenyewe.