Kekeo wa Ziwa Duluti

Daladala ya Tengeru ilinishusha mapema asubuhi. Kutoka barabara kuu ya Arusha–Moshi si mbali hadi Duluti, ziwa lililotuama ndani ya kasoko ya volkano na kuzungukwa na msitu. Masika yalikuwa yameanza. Mzee aliyenitembeza akaitazama darubini yangu. "Mwanangu, hiyo iache kifuani kwanza. Humu utaanza kwa masikio."

Hatukwenda mbali. Juu kabisa ya miti zikasikika noti tatu: ya pili chini ya ya kwanza, ya tatu chini zaidi. Zikarudiwa, zikarudiwa tena. Moyo ukanidunda. Kekeo kifua-chekundu, Cuculus solitarius! Majira ya mvua husikika sana, lakini hujificha majanini hata ukisimama chini ya mti wake.

"Subiri kwanza," mzee akasema. "Yuko anayemwiga."

Anayemwiga ni Cossypha semirufa, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, hodari wa kuazima sauti za wenzake. Jambo hili hunivutia kupita yote, maana kekeo hajengi kiota. Hutaga katika viota vya ndege wengine, wakiwemo hao jamii ya Cossypha, nao huatamia na kulea kinda lisilo lao. Mlezi anaimba wimbo wa yule anayemtwika mtoto!

Sasa utawatofautishaje bila kuwaona? Kekeo hukaa juu na kurudia noti zake zilezile kwa muda mrefu bila kuchoka. Mwigaji hupenda chini, vichakani. Ataanza vizuri, kisha atachanganya filimbi zake au sauti ya ndege wa tatu. Tukasimama kimya. Noti hazikuyumba hata kidogo. Nikaandika daftarini: kekeo, dume, amesikika. Wapo wasiomhesabu ndege asiyeonekana. Mimi sikubaliani nao kabisa.

Tulipokaribia matete, dudumizi naye akaanza, mlio wake kama maji yakimiminwa kutoka chupani. Mwenzake akamjibu. Kwa dudumizi jike ndiye mkubwa, na sauti yake ni nzito zaidi, basi nikamwomba mzee tusiondoke hadi nijue nani kaanza. Manyunyu yakatukuta palepale.

"Dume," mzee akasema. "Hebu msikilize tena."