Mwendo wa Tarishi

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi kutoka shule na swali. Mwalimu aliwataka kila mmoja ataje mtu wa nyumbani kwao anayefanya mazoezi, naye akanitaja mimi: "Baba hutembea." Wenzake wakampinga. Kutembea si zoezi, wakasema, kila mtu anatembea. Akaja kuniuliza wakati nafunga kamba za viatu: "Baba, kutembea nako ni zoezi kweli?" Nikamjibu ndiyo. Akabaki amesimama akingoja nimweleze, na badala ya maelezo likanijia jambo la babu yake, asubuhi ile kwenye mlima. Kumweleza mtoto wa miaka tisa sikuweza. Nimeona niliandike.

Ilikuwa mwaka ule Mzee alipohamia kwetu, baada ya Mama. Hali yangu wakati ule haikuwa nzuri: kazi ya kukaa kutwa, ngazi za ghorofa moja tu zikinitoa jasho, usiku nikikoroma mpaka mke wangu anahamia kwa watoto. Nikaenda kupima. Daktari akanifunga ule mkanda wa presha mkononi, akapima, akaniacha nitulie kidogo, akapima tena. 152 kwa 96. Mizani ikasema kilo 104. Akaniambia dawa zisubiri kwanza. Nitembee nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, nipunguze chumvi na nipunguze ninachopakua, kisha nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilitoka pale nimenyong'onyea. Hofu niliyokwenda nayo ilikuwa kubwa, nikitarajia nipewe kitu kikubwa cha kupambana nayo. Nikaambiwa nitembee.

Jioni Mzee alinisikia nikimsimulia mke wangu. Hakuchangia neno. Kulipokucha nikasikia mlango wa chumba unagongwa, kisha sauti yake: "Amka. Vaa viatu."

Mzee alikuwa tarishi maisha yake yote ya kazi. Mafaili, bahasha, barua za kutiwa saini, vyote alivifikisha kwa miguu, ofisi hadi ofisi, jengo hadi jengo. Nilikua nikimwona anarudi jioni, anavua viatu mlangoni na kuvipanga sambamba, halafu anaketi dakika chache bila kuongea na mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba kutembea ni kitu alichokuwa na ujuzi nacho, kama fundi na kazi yake.

Nilipomwamkia asubuhi ile aliitikia huku amekwishachukua viatu vyangu mkononi. Akavikunja kimojakimoja, ncha na kisigino. "Kiatu kikunjike hapa, vidole vinapokunjika. Hiki kinakunjikia katikati, kitakuumiza unyayo." Akaniletea jozi nyingine kutoka kabatini, akaikunja nayo, akaridhika. Nilipovaa aliinama na kubonyeza kwa kidole gumba mbele ya kidole changu kirefu, kuona kama imebaki nafasi. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu nimeketi kitandani, baba yangu ananipima viatu. Tukatoka.

Sehemu ya kwanza ni tambarare, na nilikwenda vizuri. Nilimtazama anavyotembea: mgongo wima, macho mbele, kisigino kinatangulia kugusa chini halafu mguu wote unafuata mpaka kwenye vidole, mikono inapishana na miguu bila kurushwa. Hatua zake zilikuwa fupi kuliko zangu. Nilifikiri ni uzee.

Pale barabara inapoanza kupanda, ndipo alipofungua mazungumzo.

"Nisimulie," akasema. "Kazini kwako unafanya nini hasa?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Alijua niko ofisini, nina meza na kompyuta, inatosha. Nikafurahi, nikaanza: kwamba tunapokea madai ya wateja, kila dai linafunguliwa faili, linakwenda kwa mkaguzi... Sentensi ya kwanza ilitoka nzima. Ya pili ilikatika katikati. Kufika kwenye mkaguzi nilikuwa nasema maneno matatu navuta pumzi, halafu mawili, halafu moja moja. Moyo ulikuwa unagonga masikioni. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye nyusi, na mbele ya miguu, kwenye muundi, kulikuwa na moto uliozidi kila niliponyanyua vidole. Nikafungua mdomo niseme "mkaguzi" na neno halikuja.

Mzee alisimama.

Hakunigeukia, wala hakunipa pole. Alisogea ukingoni mwa barabara, akaegemea kile kinguzo kifupi kilichopo pale, akatazama ndani ya mtaro kana kwamba kuna kitu kinaelea anataka kukitambua. Mtaro ulikuwa mkavu. Mimi nikainama, mikono magotini, nikihema kwa sauti. Watu wawili walipita wakatuamkia, Mzee akawaitikia kwa niaba yetu sote kwa kuinua mkono. Muda ulipita. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, kwanza kifuani, halafu nikaweza kumeza mate. Aliendelea kutazama mtaro mpaka nikanyooka mwenyewe.

"Uliishia wapi?"

"Kwa mkaguzi."

"Haya. Polepole."

Safari hii tulikwenda kwa hatua ndogo sana, hatua za mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Nikasema sentensi. Ikafika mwisho. Nikasema nyingine. Kila nilipochangamka na miguu ikaongeza kasi, sentensi ilikatika, na Mzee alishusha kiganja chake chini kidogo, usawa wa paja, basi tunapunguza. Hakuwa akijibu. Aliitikia tu, "Ehe," "Enhe." Nikamweleza mkaguzi, nikamweleza meneja, nikamweleza dai moja lililonikosesha usingizi wiki nzima, nikamweleza mambo ambayo hata mke wangu sikuwa nimemweleza. Tulipofika juu nilikuwa nimemaliza kazi yangu yote kumsimulia, na nilikuwa nimesimama.

Pale juu ndipo aliposema, kwa vipande vifupi, akipumzika kati ya kimoja na kingine: "Tarishi akifika mlangoni anahema, ujumbe haufiki. Bosi hangojei jasho lako. Anangojea maneno." Akapumzika tena. "Tembea mwendo ambao maneno yanabaki."

Tukashuka.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida. Miundi iliuma majuma ya mwanzo kisha ikazoea. Tulitembea siku nyingi, siku nyingine mvua ilituzuia. Shemeji yangu alinishikia bango kuhusu hatua 10,000 kwa siku, na nikakuta kwamba namba ile haikutoka maabara. Ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo. Mtafiti I-Min Lee na wenzake huko Marekani walifuatilia wanawake wazee na kuchapisha mwaka 2019 kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliokuwa kwenye 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Hilo lilinituliza, kwa sababu 10,000 kwangu mimi ilikuwa mbali mno na ningekata tamaa. Anayeanza akiwa na mwili kama wangu wa wakati ule asitishwe na namba hiyo.

Na kipimo cha Mzee nilikikuta vitabuni. Wataalamu wa mazoezi wanakiita jaribio la kuongea: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani, ule ambao Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwa wengi ni kama hatua 100 kwa dakika. Mtu mzito kuambiwa atembee badala ya kukimbia kuna sababu yake pia. Anayekimbia huwa hewani kati ya hatua na hatua, na mguu unapotua hupokea nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Anayetembea ana angalau mguu mmoja chini wakati wote, na nguvu hiyo huzidi uzito wake kidogo tu. Magoti yangu ya kilo 104 yalihitaji mtu ayaonee huruma hivyo.

Kuhusu uzito nitasema ninachokiamini, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Mtu wa kilo 90 akitembea kilomita 3 anatumia kalori 200 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama 7,700. Piga hesabu uone ni kilomita ngapi. Miezi mitatu ilipokwisha nilikuwa nimepungua kilo 6, na naamini sehemu kubwa ni ile ya kupakua kidogo. Lakini presha ilikuwa 138 kwa 88, nilikuwa nalala usiku kucha, na mke wangu alikuwa amerudi chumbani. Anayetembea kwa ajili ya mizani peke yake ataacha kabla mwili haujampa mambo haya mengine, nami nasikitika kila ninapomwona mtu ameacha kwa sababu hiyo.

Siku moja nilimsomea Mzee habari za Jerry Morris, daktari wa Uingereza aliyechapisha utafiti wake mwaka 1953. Alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokaa kutwa, na makondakta wao waliopanda na kushuka ngazi za basi, akakuta makondakta wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Alitazama pia watu wa posta, na waliozunguka kugawa barua walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa. Mzee aliniambia nirudie hapo kwenye barua. Nikarudia. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe kuna mtu alitutazama."

Nikamsomea na sehemu iliyobaki, maana hakuwa mtu wa kufichwa. Mwaka 1956 Morris na wenzake walichapisha vipimo vya sare za wafanyakazi wale, na suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta. Pengine basi watu wale walitofautiana tangu walipoajiriwa, na ngazi za basi si jibu lote. Tafiti nyingi zilizofuata zimezidi kuonyesha kwamba mwendo unaulinda moyo, lakini swali lile la suruali Mzee alilipenda. "Hapo ndipo ujue ni mkweli," akasema.

Morris aliishi mpaka 2009, akafariki akiwa na miaka 99. Mzee hakuikaribia hata 80. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, na ilipojulikana miguu ilikwisha kuvimba. Mtu aliyetembea kuliko yeyote ninayemfahamu. Sijawahi kupata namna ya kuliweka hilo pamoja na makondakta wa London likakaa vizuri. Najua utafiti ni wa watu wengi na hausemi lolote la hakika juu ya mtu mmoja, najua pengine bila ile kazi yake angeondoka mapema zaidi. Ninapomwambia mtu aanze kutembea, namwambia kwa moyo wote, lakini la kuahidi sina.

Daktari aliyemhudumia alitueleza kwamba moyo wa namna ile huanza kudhoofika taratibu, wakati mwingine miaka kabla mtu hajalala kitandani, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni pumzi kukatika kwenye kupanda. Alituuliza kama tuliwahi kuona kitu kama hicho. Ndugu zangu wakasema hapana. Mimi nikakumbuka kile kinguzo. Kwamba aliniambia nisimulie, na yeye kwenye mlima mzima hakusema zaidi ya "Ehe." Kwamba maneno yake alingoja ayasemee juu, tumesimama, tena kwa vipande. Nilimwuliza daktari kama yaweza kuwa hata wakati ule alikuwa anaumwa. Akasema inawezekana, na inawezekana pia alikuwa tu mzee anayempumzisha mwanawe. Mke wangu anaamini hilo la pili. Mimi bado sijaamua.